Taa za kukuzia okidi ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Nairobi, ghorofa ya pili. Dirisha la sebule linatazamana na ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mpini wa ufagio naugusa. Okidi zangu kumi na moja huishi kwa taa. Maswali haya yametoka kwa majirani, wauza maua wa kando ya barabara, na jamaa walioko Dar na Ulaya. Mengi yanahusu ile okidi ya kawaida ya dukani, Phalaenopsis, yenye majani mapana na maua kama vipepeo. Nikizungumzia nyingine nitaitaja kwa jina.

Nitajuaje kama okidi yangu inahitaji taa kweli?

Liulize jani kabla ya kuuliza dukani. Phalaenopsis iliyoshiba mwanga ina jani la kijani changa, karibu na rangi ya jani la mgomba lililofunguka juzi. Ikiwa na njaa, jani huwa kijani kizito kinachokaribia weusi, hurefuka, hulegea, na mmea mzima huinamia dirishani kama mtu anayechungulia. Wengi hulisifia jani hilo jeusi wakidhani ndiyo afya, kisha mwaka wa pili unapita bila ua wakabaki kujiuliza.

Jaribio jingine ni la kivuli. Saa sita mchana, weka mkono kama sentimita 30 juu ya jani. Ukiona kivuli chenye kingo zilizofifia lakini bado unatambua kuwa ni mkono, hapo pana mwanga wa kutosha. Usipoona kivuli chochote, hapo ni giza kwa okidi, hata kama wewe unasoma gazeti bila shida. Jicho letu hujirekebisha, kwa hiyo hudanganya: sebule iliyowashwa taa usiku huwa na luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 100 hadi 300 hivi, ilhali jua kali la nje hufika luksi 100,000.

Mwenye dirisha la mashariki linalopigwa na jua la asubuhi bila kizuizi asinunue taa. Pesa hiyo inunue gome jipya la kupandia. Kwa walioko Ulaya jibu ni jepesi zaidi: London, mwishoni mwa Desemba, mchana haufiki hata saa 8, na jua lenyewe liko chini upeoni. Huko taa ya Oktoba hadi Machi si anasa.

Balbu ya kawaida ya LED haitoshi?

Kwa chungu kimoja inatosha, na ndiyo ningekushauri uanze nayo. Chukua balbu nyeupe ya wati 9, inayotoa lumeni 800 hivi, itie kwenye taa ya mezani yenye kofia inayoelekeza mwanga chini, na iweke sentimita 20 hadi 25 juu ya majani. Mmea hausomi boksi kujua kama limeandikwa "ya mimea".

Usiifungie ndani ya globu iliyozibwa. Joto la balbu ya LED hukusanyika nyuma, kwenye kitako chenye saketi, na likikosa pa kutokea balbu hufa mapema. Ile ya zamani, ya waya unaong'aa, iache kabisa: sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, nayo italikausha jani kabla haijalilisha.

Nisome nini kwenye boksi kabla ya kulipa?

Wati halisi kwanza. Maneno "sawa na wati 1000" ni ya biashara. Tafuta maandishi madogo nyuma ya adapta au kwenye kibandiko cha taa yenyewe. Mfano mzuri ni zile taa za kubana mezani zenye shingo tatu zinazopinda. Boksi linasema wati 80, lakini zinachomekwa kwenye chaja ya USB. Chaja ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 2. Zidisha: wati 10. Hizo 70 nyingine zimetoka wapi? Taa yenyewe si mbaya. Inafaa vyungu viwili vidogo ikiwekwa karibu, upande wa volti 5 hauwezi kukurusha, na stima zikipotea unaichomeka kwenye pawabanki. Ila ilipie bei ya wati 10.

Kisha tafuta PPFD. Hiyo ni hesabu ya chembe za mwanga zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, na kipimo chake ni maikromoli. Namba ya PPFD isiyotaja umbali haina maana, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuipima kipimo kikiwa kimeshikanishwa na taa. Phalaenopsis hutosheka na 60 hadi 120, ikimulikwa saa 12 au 13 kwa siku. Paphiopedilum, ile yenye mdomo mithili ya kiatu, iko humohumo au chini kidogo. Cattleya na Dendrobium nyingi hutaka 200 na kuendelea. Vanda hutaka jua, na mtu wa fleti asijitese nayo.

Ukikuta mahali pameandikwa kwamba Phalaenopsis inataka luksi 10,000 hadi 15,000, usibabaike. Hicho ni kipimo cha dirishani au kitaluni, ambako mwanga hupanda hadi kilele mchana kisha hushuka. Taa haina mapambazuko wala machweo. Hutoa kiasi kilekile tangu inapowaka hadi inapozima, hivyo mwanga hafifu zaidi huweza kukamilisha jumla ileile ya siku.

La mwisho ni stika ya ubora: KEBS kwa Kenya, TBS kwa Tanzania. Stika haihakikishi maua, lakini taa isiyo na jina la mtengenezaji, volti wala wati mimi siileti ndani nyumba ikiwa na watoto.

Taa ya zambarau au nyeupe?

Nyeupe. Zambarau ni mchanganyiko wa taa nyekundu na bluu, rangi ambazo majani huzimeza sana, na okidi hukua chini yake bila tatizo. Tatizo ni lako. Sebule inageuka klabu ya usiku, macho yanachoka, na jani linaonekana jeusi, kwa hiyo huoni doa la ugonjwa wala vidudu vyeupe vya pamba hadi vimekwisha kuzaana. Taa nyeupe ya kelvini 4000 hadi 6500 (namba ya rangi ya mwanga) tayari ina bluu, kijani na nyekundu ndani yake.

Taa ikae umbali gani na mmea?

Hapa ndipo wengi huharibu, na si kwa kununua taa mbaya. Paneli ya LED ya wati 20 hadi 30, anza na sentimita 30 hadi 45 juu ya jani la juu kabisa. Taa ndefu ya tyubu, sentimita 15 hadi 30. Taa ndogo kama balbu, ukiiinua mara mbili ya umbali wake, mwanga unaofika hushuka hadi robo hivi. Tyubu ndefu na paneli pana hazishuki kwa kasi hiyo zikiwa karibu. Ndiyo maana kuinua balbu kwa upana wa kiganja kimoja kunaweza kubadilisha kila kitu, ilhali kwenye tyubu husikii tofauti kubwa.

Katikati ya taa kuna mwanga kuliko pembeni, wakati mwingine mara mbili. Panga kwa ulafi wa mmea: Cattleya katikati, Phalaenopsis pembeni, Paphiopedilum mwishoni kabisa.

Mmea uliotoka gizani usiupeleke kwenye mwanga mkali siku moja. Wiki ya kwanza taa iwe juu sana, iwake saa 6 tu. Kisha ongeza saa na ushushe taa kidogokidogo kwa wiki tatu. Laza mgongo wa mkono kwenye usawa wa jani kwa dakika moja: ukisikia joto, taa iko karibu mno, hata kama namba zinakubali.

Sina kipimo. Simu inaweza kupima?

Inaweza, kwa kukadiria. Pakua programu ya kupima luksi, laza simu pale jani lilipo, kihisi cha upande wa kioo kikitazama taa. Kwa LED nyeupe, gawanya luksi kwa 70 upate PPFD ya karibu: luksi 7,000 ni kama maikromoli 100. Hesabu hii haifanyi kazi kwa taa ya zambarau, kwa kuwa luksi hupima kile jicho la mtu linachokipenda, na jicho halijali sana nyekundu iliyokolea. Simu mbili zinaweza kutoa majibu yanayopishana, kwa hiyo tumia simu ileile kila mara na uifanye ya kulinganisha.

Iwake saa ngapi? Nikiiacha usiku kucha si itakua haraka?

Saa 12 hadi 14, kisha giza. Phalaenopsis ni kama nanasi na mkonge: hufungua vitundu vya majani yake usiku ili kuvuta hewa ya ukaa, huihifadhi, na mchana huitumia ikiwa imefunga vitundu ili isipoteze maji. Ukiwasha taa usiku kucha umeinyima mlo ukidhani unaizidishia.

Mimi huwasha saa moja asubuhi na kuzima saa mbili usiku. Anayenunua taima yenye piga akumbuke kwamba piga hiyo husoma saa za Kizungu. Rafiki yangu aliweka pini kwenye 1 akimaanisha saa moja asubuhi, na okidi zake zikawa zinaamka saa saba usiku.

Cattleya chache za asili, mfano Cattleya labiata, hungoja siku zifupike ndipo zichanue. Hizo zipe saa 10 hivi kwa miezi michache, na zisikae chumba ambamo watu wanakesha na taa.

Stima zikipotea kila mara, taima inafaa kweli?

Taima ya piga husimama stima zinapopotea na kuendelea zinaporudi, kwa hiyo mkatiko wa saa tatu unaiacha nyuma saa tatu. Baada ya mwezi wa mikatiko okidi inaishi majira ya nchi nyingine. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani. Okidi yenyewe haidhuriki kwa siku moja au mbili za giza, usikimbilie jenereta.

Kinachodhuru ni stima zinaporudi kwa kishindo. Draiva ya LED, ile saketi inayoilisha umeme, huungua hapo. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinalinda na taa pia.

Bili itapanda kiasi gani?

Taa ya wati 24 ikiwaka saa 12 hula wati-saa 288 kwa siku, yaani yuniti 8.6 kwa mwezi. Ukichukua shilingi 30 za Kenya kwa yuniti ni kama shilingi 260. Wa Tanzania azidishe kwa bei ya LUKU yake. Pasi ya nguo inakula zaidi, lakini hakuna anayeilalamikia.

Maji na umeme pamoja: nizingatie nini?

Swali hili ndilo ningependa liulizwe la kwanza, na huwa la mwisho.

Miaka ya mwanzo niliweka ekstensheni sakafuni, chini ya meza ya okidi. Siku moja nikamwagilia kwa haraka. Maji yakafuata waya wa taa, yakateremka nao taratibu kama njia yaliyochongewa, yakaingia kwenye soketi. Swichi kuu ikajikata, nyumba nzima ikawa giza, na mimi nimesimama nimeshika kopo. Nilikuwa na bahati ya kuwa na swichi hiyo.

Tangu hapo kila waya wangu hushuka chini kwanza, chini ya usawa wa soketi, ndipo upande kuingia. Maji yakiufuata yanadondoka pale waya ulipopinda chini badala ya kuingia. Ekstensheni haikai sakafuni wala chini ya vyungu. Imepigwa skrubu ukutani, juu ya meza. Kumwagilia hufanyika jikoni, kwenye sinki, maji yakachuja, kisha chungu kinarudi. Kunyunyizia maji hufanyika taa ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Taa iliyoandikwa IP44 hustahimili matone, na IP65 hustahimili maji ya bomba la kunyunyizia, lakini namba hizo ni za taa. Adapta na plagi yake mara nyingi hazimo.

Mwite fundi umeme akuwekee ile swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Fyuzi na breka ya kawaida hulinda waya usiungue. Hiyo ndiyo inayomlinda mtu. Ndani ya plagi ya pini tatu weka fyuzi ya ampea 3 badala ya 13, kwani taa ya mimea haihitaji zaidi. Taa yenye mwili wa chuma iwe na waya wa ardhi, isipokuwa iwe na alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayoonyesha imekingwa maradufu. Waya wa ekstensheni ukizidi, usiuache umeviringishwa ukiwa na mzigo. Joto hujikusanya ndani ya viringo. Na taa itundikwe kwa mnyororo au waya wa chuma kwenye ndoano iliyoingia ukutani. Kamba ya plastiki hulegea kwa joto.

Taa yangu ina pini mbili. Naweza kusukuma tundu la juu kwa kalamu kama wote?

Wote wanakosea. Kusukuma tundu la juu hufungua vizibo vya matundu mawili ya chini, navyo vipo kwa sababu, na pini nyembamba za mviringo zikiingia humo hushika kwa ncha tu, zinacheza, zinatoa cheche, na soketi inayeyuka polepole nyuma ya kabati. Kitu kinachowaka saa 13 kila siku hakifai kukaa hivyo. Adapta nzuri yenye fyuzi ni bei ya soda mbili tatu.

Dada yangu yuko Marekani, anataka kunitumia taa. Nikubali?

Mwambie apige picha maandishi ya adapta kwanza. Yakisema INPUT 100–240V, shukuru na utafute adapta ya plagi. Yakisema 120V pekee, hapa kwetu kwenye volti 240 itakufa siku ya kwanza, pengine na moshi.

Inadhuru macho?

Usiitazame moja kwa moja, hasa yenye lenzi, na itundike ili ukiwa umeketi usione vile vitone vya mwanga. Baadhi ya watengenezaji huandika kundi la hatari kwa kiwango cha IEC 62471. Kundi 0 au 1 ndilo la nyumbani. Okidi haihitaji taa ya urujuanimno. Zile tyubu za kuua vijidudu za UV-C zinafanana na tyubu za kawaida, na zinaunguza macho na ngozi. Usikubali kuuziwa moja kama ya mimea.

Jani limepata doa jeupe, sasa linakuwa jeusi. Ni ugonjwa?

Likiwa upande unaotazama taa, likabaki kavu na lisipanuke, ni kuungua. Halitapona, lakini usilikate. Sehemu iliyobaki bado inafanya kazi. Inua taa. Doa linalopanuka, lenye majimaji na harufu, ndilo ugonjwa. Wekundu kidogo kwenye kingo ni onyo tu kwamba umefika mpakani.

Niko Dar. Taa nzuri ninayo, majani mazuri, maua hakuna mwaka wa pili. Kwa nini?

Pole, ndugu yangu. Taa hulisha, lakini kinachoiita Phalaenopsis ichanue ni ubaridi. Inahitaji wiki kadhaa za joto lisilozidi nyuzi 25 hivi, na ikikaa kwenye nyuzi 28 na zaidi muda wote huendelea kutoa majani tu. Usiongeze taa. Tumia Juni hadi Agosti, usiku unapopoa, uiweke karibu na dirisha lililo wazi, au ilale chumba chenye kiyoyozi, mbali na upepo wake. Sisi wa Nairobi tuna shida ya kinyume: Julai usiku ni baridi mno dirishani, nami huzisogeza ndani zisishuke chini ya nyuzi 15.

Okidi zetu za asili zinaweza kuishi chini ya taa?

Ndogo, ndiyo. Aerangis luteoalba, nyeupe yenye kitovu chekundu, hupenda kivuli na unyevu na hupendeza sana chini ya taa hafifu. Ansellia africana, ile yenye madoa ya chui, huwa kichaka kikubwa na hutaka mwanga mwingi, itundike barazani. Zile za Kitulo, nyanda za kusini mwa Tanzania wanazoziita Bustani ya Mungu, huota ardhini, hukauka na kurudi kwenye viazi vyake kila mwaka, na taa ya sebuleni haina la kuzisaidia. Zimeshateseka vya kutosha kwa kuchimbwa na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha viazi hivyo. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo nunua iliyooteshwa kitaluni, usiing'oe msituni.

Nina tyubu za zamani za ofisi. Nizitumie?

Zinafanya kazi, ila mwanga wake hupungua kabla hazijafa na zina zebaki ndani. Ikivunjika fungua madirisha, toka kwa robo saa, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi. Usitumie fagio wala mashine ya kuvuta vumbi.

Desemba naenda mashambani wiki mbili. Nizime kila kitu?

Acha taima iendelee, punguza hadi saa 10, mwagilia vizuri siku moja kabla, na uchomoe feni na kingine chochote kisicho cha lazima. Kama kuna shina la maua linalopanda, inua taa juu zaidi ya unavyodhani au lifunge kwenye kijiti lielekee pembeni. Mwaka juzi niliacha shina likiwa sentimita 20 chini ya paneli. Niliporudi lilikuwa limeigusa, vitumba vinne vya juu vimekauka kama maganda ya njugu, na vitatu vya chini vimechanua.